Mkaguzi wa Huzuni

Kola hakuwa na kazi. Hakuwa na saa, ingawa kila mara alitazama kifundo cha mkono wake kabla ya kumwambia mtu kwamba amechelewa. Hakuwa na mke, hakuwa na subira, na hakuwa na mgongo wa shati. Hili la mwisho linahitaji maelezo. Shati lake lilikuwa na kola iliyosimama kwa wanga kama ukuta wa benki, na kifua cheupe chenye vifungo vyote. Lakini nyuma yake ilikuwa imekatwa kidogo kidogo, miaka na miaka, ili kutia viraka mbele, mpaka mbele ikawa kamili na nyuma ikawa hadithi. Kwa sababu hiyo Kola hakuvua koti. Jua liwake, jasho litiririke, koti lilikaa palepale, na watu wakasema: tazameni mtu anayejiheshimu.

Na juu ya hayo yote, tangu wiki iliyopita, hakuwa na cherehani ya dada yake.

Cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha wote wawili. Dada alikuwa fundi wa nguo, mtu wa maneno machache na pini nyingi mdomoni. Alipoondoka kwenda kumuuguza mama yao alimwachia mdogo wake chumba, ufunguo na onyo moja. "Narudi Jumamosi," alisema. "Nikikuta hata uzi umehama, utanieleza." Kola aliapa, na kiapo chake alikitimiza. Uzi aliuacha palepale dirishani. Alichohamisha ni cherehani.

Aliiweka rehani ili anunue mzigo wa miavuli, maana kilikuwa kiangazi na miavuli iliuzwa kwa bei ya kutupa. Mvua itakuja, bei itapanda. Hesabu hiyo hata waziri wa fedha asingeikataa. Kulikuwa na kasoro moja tu: miavuli ilikuja imevalishwa mifuko yake mizuri, na Kola hakufungua hata mmoja kabla ya kulipa. Alipoifungua nyumbani alikuta mifupa mitupu. Vitambaa vilikwisha kuliwa na panya, na panya hawarudishi bidhaa.

Siku ya Jumatano alikuwa akizunguka kwenye soko la mitumba, mwavuli wa mwisho kwapani, Jumamosi ikimkaba koo, ndipo alipoiona santuri.

Ilikuwa juu ya lundo la suruali, na jaladani alisimama mwanamke ambaye nywele zake zilituna kama mwavuli usioliwa na panya. Gauni lake lilimeta kila upande. Mguu mmoja alikuwa ameutanguliza, na kidole chake kilinyooshwa kuelekea dari, kana kwamba huko juu kuna mtu anayedaiwa naye. Kila aliyekuwa kijana enzi za madisko alimjua: ni Malkia wa Kumeta, ambaye nyimbo zake zilichezwa mpaka viatu vikaomba radhi.

Kola alisimama. Alikumbuka kwamba Bwana Rehani, yule mwenye duka lililoshikilia cherehani, alikuwa pia na gramafoni kubwa yenye tarumbeta ya shaba, aliyojivunia mbele ya kila mteja. Lakini santuri hakuwa nayo hata moja. Na gramafoni bila santuri ni kama mdomo usio na habari.

"Shikamoo, mama," alimwambia mwanamke mzee aliyeketi nyuma ya lundo, akitafuna kitu taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Chagua, usiogope, nguo haziumi."

"Hii santuri ni nzima?"

"Itoe uitazame."

"Ya nini, mama? Uso wenyewe unajieleza."

Yule mama aliacha kutafuna. Alimtazama kuanzia kola mpaka viatu, kisha akarudi kwenye kola na kukaa hapo kidogo.

"Unanipa nini?"

"Mwavuli. Kitu cha ng'ambo hiki."

Yule mama aliuvua mfuko, akaufungua, akauinua juu ya kichwa chake. Jua likapita katikati ya mifupa na kumwangukia usoni bila kupungua.

"Mzuri," alisema. "Una hewa. Haya, chukua santuri yako. Ikikufikisha mbali, tutaonana."

Mtu mwingine angejiuliza ni nani huyu anayetoa mali kwa mifupa. Kola hakujiuliza. Wajanja wana udhaifu huu mmoja: wakimwona mjinga hufurahi mno, hata wasimkague.

*

Bwana Rehani alikuwa mtu mfupi, funguo zikimzunguka kiunoni kama watoto wadogo. Sifa yake kubwa ilikuwa machozi. Kila alipopokea kitu cha mtu mwenye shida alilia, akasema "pole, pole sana", akajifuta. Lakini machozi hayo hayakuwahi kupunguza riba ya mtu. Nyuma yake rafuni, kati ya saa ya ukutani na ngoma iliyopasuka, cherehani ya Dada ilikuwa ikimtazama Kola.

"Bwana mkubwa, nimekuletea mchumba wa gramafoni yako."

"Santuri? Siku hizi? Weka hapo nikupe kiberiti."

"Sitaki kiberiti. Nataka ile cherehani."

Bwana Rehani alicheka mpaka funguo zikacheza. "Kola! Cherehani nzima kwa sahani nyeusi isiyolika? Nenda nyumbani, jua limekuingia."

Kola aliitazama cherehani. Alimtazama Malkia wa Kumeta. Kisha akatoa leso na kujifuta jicho ambalo halikuwa na kitu.

"Basi hujasikia," alisema kwa sauti ya chini.

"Sijasikia nini?"

"Ametutoka."

"Nani?"

"Huyu." Akaliweka jalada juu ya kaunta kama mtu anayelaza mtoto.

"Oh, pole sana," alisema Bwana Rehani kwa mazoea, na chozi likamtoka. "Ndugu yako?"

"Laiti! Hakuwa na ndugu wala mtoto. Waume alikuwa nao, lakini hawakudumu. Majumba, magari, mashamba, vyote vimebaki vinashangaa. Na wosia wake, bwana mkubwa, umewachanganya mawakili. Umesema: mali yangu wagawiwe walionililia."

Funguo zilinyamaza zote kwa pamoja.

"Waliomlilia wapi?"

"Popote penye santuri yake halisi. Santuri moja, msiba mmoja. Na mji huu mzima..." Kola aligonga jalada kwa kidole.

"Na walie kiasi gani?"

Lazima tukiri kwamba ni swali zuri. Watu wengi huuliza wosia una kiasi gani. Bwana Rehani aliuliza gharama kwanza.

"Fungu litalingana na huzuni," alisema Kola. "Atakuja Mkaguzi."

"Mkaguzi wa nini?"

"Wa huzuni."

Maneno hayo yalimtoka bila kupangwa, lakini alipoyasikia aliyapenda. Yalikuwa na uzito wa serikali. Laiti angejua, angeyameza.

Wakakubaliana palepale. Bwana Rehani atatoa gramafoni. Kola, akiwa katibu, atasimamia msiba na sanduku la rambirambi.

"Na cherehani?" aliuliza Kola.

"Cherehani nitakupa Mkaguzi akishaniandika," alisema Bwana Rehani, akajifuta chozi la mwisho. "Mimi nalia, mdogo wangu, lakini sina wazimu."

Hilo halikumsumbua Kola. Mpango wake ulikwisha kukamilika kabla hajafika mlangoni: Ijumaa jioni atalichukua sanduku, atakuja nalo dukani, na ataikomboa cherehani kwa rambirambi za Bwana Rehani mwenyewe. Mkaguzi atangojwa mpaka wachoke.

*

Bwana Rehani aliificha siri ile kwa mtu mmoja tu, Muuza Nyama. Muuza Nyama naye hakumwambia mtu, isipokuwa Kinyozi, tena kwa sababu wembe ulikuwa shingoni mwake na ukimya ulimtia hofu. Na siri ikishafika kwa kinyozi imekwisha kunyolewa. Kila mtu anaona kichwa chake.

Kesho yake ua wa Mama Mwenye Nyumba, aliyempangisha Dada chumba, ulikuwa umejaa. Turubai lilifungwa, viti vikapangwa, na jalada la santuri likasimamishwa juu ya meza likizungukwa na maua ya plastiki. Kola alisimama kando ya sanduku, koti limefungwa vifungo vyote, akimpa kila aingiaye mkono wa pole ambao haukuachia mpaka mkono mwingine wa mtu yule uguse sanduku.

"Mimi picha yake niliibandika ukutani," alisema Muuza Nyama, "mpaka siku mke wangu alipohamia."

"Picha!" alidharau Kinyozi. "Mimi niliwatengeneza nywele wote waliotaka kufanana naye. Mmoja alikwama mlangoni kwangu, tukang'oa fremu."

"Nyinyi mnazungumza nywele," alisema Mama Mwenye Nyumba. "Mimi nilivunja kisigino cha kiatu kwa wimbo wake. Nyonga hii hainyooki hadi leo. Kama si huzuni hiyo ni nini?"

"Hiyo ni nyonga," alisema Bwana Rehani, ambaye alikuwa amekwisha kulowesha leso ya pili.

Kisha santuri ikawekwa. Hapa ndipo Kola alipokumbuka kwamba hajawahi kuisikia. Sindano ilishuka. Ngoma zililia kidogo, vinanda vikapanda, Malkia wa Kumeta akavuta pumzi, akasema "Oooh..." Na hapo sindano ikakutana na mkwaruzo mrefu kama barabara kuu, ikakwama. "Oooh... oooh... oooh... oooh..."

Kola alinyoosha mkono aiondoe sindano.

"Jamani!" Mama Mwenye Nyumba alijipiga mapaja. "Anajililia mwenyewe!"

Na ua ukalipuka kwa kilio. Walilia naye pumzi kwa pumzi, oooh kwa oooh. Bwana Rehani alilia kwa ujuzi, Kinyozi kwa sauti, na Muuza Nyama, ambaye hakuwa na kipaji cha machozi, aliamua kutumia mwili. Alijitupa chini. Muuza Nyama hakuwa mtu mdogo. Ardhi ilitikisika, meza ikaruka, sindano ikauvuka mkwaruzo na kutua upande wa pili, mahali ambapo ngoma zote na tarumbeta zote za enzi zile zilikuwa zimengoja kwa miaka.

Bega la Kinyozi ndilo lililoanza. Alilishika kwa mkono mwingine, likamshinda. Kisha nyonga ya Mama Mwenye Nyumba ikanyooka mbele ya mashahidi. Hakuna aliyethubutu kuacha kulia, na hakuna aliyeweza kuacha kucheza. Wakafanya yote mawili. Machozi yaliruka pembeni kila walipogeuka. Mpita njia mmoja alichungulia, akauliza kama ni harusi au mazishi.

"Ni wosia," alijibu Kola kwa huzuni. "Sanduku liko hapa."

Ikawa hivyo siku hiyo na iliyofuata. Sindano ilipokwama walilia. Muuza Nyama alipoanguka walicheza. Buchani kwake aliuza maini kwa sauti ya mazishi, na hakuna mteja aliyekuwa na moyo wa kuomba nyongeza. Ijumaa alasiri sanduku halikusikika tena likitikiswa, kwa maana lilikuwa limeshiba. Kola alilikumbatia na kuanza kunyemelea lango. Kesho Dada anarudi. Leo cherehani inarudi. Alikuwa tayari amekwisha kutunga hotuba ya kumwambia Bwana Rehani.

Lango likafunguka kabla hajaligusa.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mzee mwenye gauni jeusi, kofia yenye wavu, na miwani myeusi. Mkononi alikuwa na mkoba wa ngozi. Kwapani alikuwa na mwavuli mweusi, kitambaa kipya kabisa. Lakini mpini wake Kola aliujua, kwa maana mifupa ile ilikuwa yake.

"Mimi," alisema yule mama, "ni Mkaguzi wa Huzuni. Katibu ni nani?"

Vidole vyote vya ua vilimwelekea Kola kwa furaha.

Fikirini hali ya mtu huyu. Alimjua: ni yule mama wa mitumba, amebadilisha nguo tu, na nguo alikuwa nazo malundo. Alitaka kupiga kelele, "Mwongo! Hakuna Mkaguzi!" Lakini katika dunia nzima aliyejua kwamba hakuna Mkaguzi alikuwa ni yeye peke yake, na angeulizwa amejuaje.

"Karibu, Mkaguzi," alisema. "Tulikuwa tunakutarajia."

"Naona," alisema mama, akitazama sanduku kifuani pake na lango mbele yake. "Ulikuwa unanipokea. Rudi nalo, mwanangu."

*

Mkaguzi aliagiza mizani. Muuza Nyama alileta ile ya buchani, mizani maarufu iliyokuwa na tabia ya kuona nyama mahali penye hewa. Leso za wafiwa zikaanza kupimwa moja moja.

"Kinyozi. Umelia..." Mkaguzi aliinama. "Mguu wa mbuzi, na mfupa wake."

Kinyozi aliangalia huku na huku kwa fahari.

"Mama Mwenye Nyumba, maini mawili. Muuza Nyama, shingo. Bwana Rehani..." Leso ya Bwana Rehani ilitua na kuizamisha sahani. Mkaguzi aliikamua, akalamba kidole. "Machozi haya hayana chumvi."

"Daktari amenikataza chumvi," alisema Bwana Rehani haraka.

"Na povu hili?"

"Nalia kwa usafi, Mkaguzi."

"Nimeandika. Sasa Katibu."

Leso ya Kola iliwekwa. Mizani, ambayo haikuwahi kukosa kuona kitu, haikuona kitu. Minong'ono ikapita kati ya viti.

"Kavu," alisema Mkaguzi.

"Mimi nalia kwa ndani," alisema Kola.

"Tatizo lako ni hilo. Ya ndani hukuyakagua." Alisema hivyo polepole, na Kola peke yake ndiye aliyemwelewa. "Asiyetoa machozi hutoa kitu. Nipe koti."

"Koti haliwezekani."

"Katibu anamnyima marehemu koti!" alipaza sauti Kinyozi, ambaye mguu wa mbuzi ulikwisha kumpa mamlaka. "Shikeni!"

Wakamshika. Kola alipigana kama paka ndani ya gunia, lakini Muuza Nyama alikuwa na mazoea ya kuvua ngozi. Koti likatoka. Kola akabaki amesimama, kola mbele, kifua cheupe mbele, na nyuma ngozi tupu kutoka shingoni mpaka kwenye mkanda.

Kola alifumba macho. Heshima yote aliyoijenga kwa wanga na pasi ilikuwa imekwisha.

"Amejirarua!" Ilikuwa sauti ya Mama Mwenye Nyumba, imejaa machozi ya kweli. "Jamani, Katibu alijirarua shati kwa uchungu, akafunika na koti tusimwone! Na sisi tunajisifu kwa maini mawili!"

Mkaguzi aliinua miwani, akautazama mgongo ule kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza alionekana hakutarajia jambo.

"Huyu," alisema hatimaye, "ndiye mfiwa mkuu. Fungu la kwanza."

Kwaa! Kinyozi alikuwa amekwisha kuurarua mgongo wa shati lake. Kwaa! Muuza Nyama alimfuata, kwaa, kwaa, safu nzima ya nyuma, kwaa, hata yule aliyepanga maua ya plastiki. Bwana Rehani alikuwa amevaa shati la hariri, na mikono yake mifupi haikufika nyuma. Alisita kidogo, akalishika, akaliachia. Kisha akaona Kinyozi anaandikwa. "Nisaidie, ndugu yangu," alimwambia Muuza Nyama, akageuka. Hariri haikusema kwaa. Ilisema fyuuu, kama riba inayotoka.

"Nimekagua misiba mingi," alisema Mkaguzi, na sauti yake ilitetemeka kwa sababu aliyoijua mwenyewe, "lakini sijaona mtaa uliolia mpaka mgongoni. Madai yenu Katibu atayaandika na kuyatuma. Santuri ni ushahidi, naondoka nayo. Rambirambi ni za marehemu, zinamfuata marehemu. Katibu, nibebee sanduku."

Kola alimbebea sanduku hadi kwenye teksi, mgongo ukipigwa na upepo, ua wote ukimpungia mkono.

"Mama," alinong'ona, "ndani ya sanduku hili kuna cherehani ya dada yangu. Anarudi kesho. Nihurumie."

"Pole," alisema, akafungua mlango wa teksi. "Unajua nilivyokuchagua? Mnunuzi mwaminifu wa santuri huitoa ndani, akaiinamisha kwenye mwanga, akatafuta mikwaruzo. Mjanja hutazama jalada. Mimi siuzi santuri, mwanangu. Napanda. Napanda kwa mtu mwenye kola safi na haraka, halafu nafuata maneno sokoni. Siri akishainyoa Kinyozi wenu, hufika hadi kwa mama wa mitumba."

"Na Malkia wa Kumeta? Amekufa kweli?"

"Sijui. Kwangu mimi hufa kila kiangazi." Alichukua sanduku, akalipakata, akalilaza koti la Kola juu yake. "Lakini hili la mgongo sijawahi kulifikiria. Una kipaji, ila huna macho. Ukitaka kazi niandikie: mji unaofuata, soko la mitumba, meza ya mwisho."

Na teksi ikaondoka. Dirishani ilionekana ncha ya mwavuli.

*

Jumamosi Dada alikuta foleni mlangoni. Ilikuwa foleni ya ajabu: kwa mbele ilionekana kama kikao cha wazee wa heshima, na kwa nyuma kama watu wanaosubiri kuogeshwa. Kila mmoja alikuwa amerarua shati lake la pekee la maana, na fundi wa nguo mtaani alikuwa mmoja.

Dada aliwapita, akaingia, akaweka kikapu. Akatazama dirishani. Kola alikuwa kwenye kona, amejifunika shuka.

"Uzi upo," alisema Kola.

"Nauona."

"Haujahama hata kidogo, dada."

"Mdogo wangu, cherehani iko wapi?"

Kola alifungua mdomo. Katika maisha yake yote haikupata kutokea kwamba alifungua mdomo na neno lisiwemo. Alifikiri kusema wezi. Alifikiri kusema moto. Aliutazama uso wa dada yake, vumbi la safari kwenye nyusi, na akaona kwamba uongo wote aliokuwa nao haukuwa na mgongo.

"Niliiweka rehani," alisema. "Nikanunua miavuli ya mifupa. Nimejaribu kuirudisha, nimeshindwa."

Dada aliketi kwenye kiti kilichokuwa mbele ya cherehani, akabaki anatazama nafasi iliyokuwa wazi.

Ndipo foleni ilipogawanyika, akatokea Bwana Rehani anahema, mgongo wazi unang'aa kwa jasho, cherehani ikiwa kichwani kwake.

"Dada! Shikamoo dada! Nishonee mimi kwanza, nakusihi!"

"Cherehani yangu inafanya nini kichwani kwako?"

"Nilikuwa... naitunza. Dada, shati hili la hariri si langu. Limewekwa rehani dukani. Niliazima tu, kwa ajili ya msiba. Mwenyewe anakuja kulikomboa mchana huu, na mwenyewe ni bondia."

Dada alilitazama shati. Akamtazama Bwana Rehani. Pini moja ikahama kutoka kona ya mdomo kwenda kona nyingine.

"Ishushe. Taratibu. Pale." Bwana Rehani akaishusha chini ya dirisha, karibu na uzi. "Hariri inashoneka. Haitaonekana. Habari ya kuikomboa hii, unapenda tuizungumze sasa, au tumngoje bondia atusaidie hesabu?"

"Kukomboa nini?" alisema Bwana Rehani, na safari hii machozi yake yalikuwa na chumvi. "Mimi nimekuletea cherehani yako, basi!"

Gurudumu likazunguka. Asubuhi yote cherehani ililia kwa furaha, migongo ikaingia mitupu na kutoka imevaa. Kola alikata nyuzi, akapiga pasi, na kila alipotaka kusema jambo dada yake alimpa shati lingine.

Lakini wafiwa waliokwisha kushonewa hawakuondoka. Walikuwa wakingoja urithi.

"Katibu, barua ya madai!" alisema Kinyozi. "Mguu wa mbuzi, usisahau. Na mfupa."

"Na nyonga yangu," alisema Mama Mwenye Nyumba.

Kola akachukua karatasi, akakaa pembeni ya meza ya kukatia nguo, akaandika huku wote wakimsimamia kwa mbali, kwa heshima ya shughuli.

"Umeandika kwamba mimi nililia kwa hariri?" aliuliza Bwana Rehani.

"Nimeandika," alisema Kola.

Alichoandika ni hiki: "Mama, shikamoo. Nimefikiri maneno yako. Macho nitayapata. Kazi naitaka."

Alikuwa anaikunja Dada alipomnyooshea mkono bila kugeuka. "Lete." Kola alisita, akampa. Dada aliisoma yote, mguu wake ukiwa bado juu ya kanyagio. Alichomoa kalamu ya kuchorea nguo kutoka kwenye nywele zake, akaongeza chini: "Mama, mimi ni dada yake. Koti lirudishwe, ndilo heshima yake yote. Yeye mwenyewe ukimhitaji mchukue, ila mfungue kwanza umtazame ndani."

Kisha akaitia barua kwenye bahasha, akalamba gundi kwa ulimi uleule uliolowesha ncha za nyuzi tangu asubuhi, akaipitishia pasi ya moto mara moja mpaka ikashika. Akampa Bwana Rehani, ambaye shati lake lilikuwa bado na joto la sindano. Bwana Rehani aliipokea kwa mikono miwili na kutoka mbio kuelekea posta, na wafiwa wote wakamfuata kwa migongo yao mipya, wakiimba "oooh, oooh", mpaka barua ikasikika ikianguka ndani ya sanduku la posta.